Namna ya kusoma makala ndefu kwenye simu bila kusumbuliwa na matangazo

Maswali yanayonifikia ni yale yale. "Kaka, nikifungua makala tu tangazo linafunika kioo kizima, nitokeje?" "Mbona nimesoma aya mbili na bando limekata?" "Simu inaniambia ina virusi, ni kweli?" Wanaouliza ni wanafunzi wa chuo, mama mwenye duka jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, na wazee wa barazani wanaopenda historia. Wote wanataka kusoma kitu kirefu mpaka mwisho, na simu haiwaachi. Basi nimeyaandika majibu yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili ukae nayo na simu yako mkononi.

Habari fupi ya mistari mitano unaweza kuisoma hata katikati ya makelele. Makala ndefu haisomeki hivyo, kwa sababu jambo la aya ya kumi limejengwa juu ya jambo la aya ya tatu. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye namwamkia kila asubuhi akielekea sokoni, alikuwa anasoma makala kuhusu vita vya Tanga vya Novemba 1914. Alikuwa ameshapita pale wanajeshi wapatao 8,000 waliotoka India chini ya Waingereza wanaposhuka pwani upande wa Raskazone, na ameshaelewa jinsi Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alivyowapanga watu wake wapatao 1,000 kuwangoja. Anafika pale nyuki wanapochokozwa na risasi na kuwavamia askari, video ya kubashiri mpira ikaanza kupiga kelele chini ya kioo. Akatafuta alama ya kuifunga. Maandishi yakaruka, kidole kikaangukia tangazo, ukurasa mwingine ukafunguka. Aliporudi, makala ilijifungua upya kuanzia kichwa cha habari. "Mwanangu," akaniuliza, "nilikuwa wapi?" Alikuwa amekwisha kuweka pamoja majeshi mawili, siku, majina na ramani ya mji wake mwenyewe kichwani, na vyote vimetawanyika kwa sababu ya video ambayo hakuiomba.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu ya Android toleo la 9 au jipya zaidi. Toleo hilo lilitoka mwaka 2018, kwa hiyo simu nyingi zinazotumika sasa zinafaa. Ingia Settings, shuka mpaka About phone, utaliona. Wenye iPhone nimewawekea sehemu yao mbele.
- Bando la kupakua programu moja. MB 200 zinatosha na kubaki. Ukipata Wi-Fi ni bora zaidi.
- Nafasi ya nusu GB hivi kwenye simu. Kama imejaa, anza na video za salamu za asubuhi ulizotumiwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Zinakula nafasi kuliko unavyodhani.
- Makala moja ndefu inayokusumbua kwa matangazo. Ifungue sasa hivi, uangalie inavyokaa, halafu hifadhi kiungo chake. Tutaitumia kupima.

Pesa haihitajiki. Hakuna hatua hata moja hapa inayodai malipo, namba ya NIDA au namba ya siri ya pesa za simu. Ukiombwa kimojawapo, umeingia mahali pasipo penyewe, toka.

Jambo moja la kuelewa kwanza, na sitalirefusha. Ukurasa unaouona kwenye kioo hautoki sehemu moja. Maneno yanatoka kwa gazeti au mwandishi, lakini matangazo mengi yanatoka kwenye mitambo ya kampuni nyingine kabisa, na simu yako ndiyo inayokwenda kuyachukua. Kwa hiyo unaweza kuiagiza simu ichukue maneno na isiende kuchukua yale mengine. Makala ya maneno 2,000, maneno yenyewe matupu, hayafiki hata KB 20. Zile MB unazoona zikiondoka ni picha, video, matangazo na vifuatiliaji vinavyoandika unakwenda wapi na unabofya nini.

Hatua zenyewe

1. Zima arifa ulizoziruhusu bila kujua. Kuna tovuti zinazokuambia "bonyeza Ruhusu ili uendelee kusoma". Ukibonyeza, umeipa tovuti hiyo ruhusa ya kukutumia matangazo hata ukiwa umeifunga. Fungua Chrome, yaani kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) kilicho kwenye simu nyingi, gusa nukta tatu za juu, ingia Settings, kisha Site settings, kisha Notifications. Utakuta orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Gusa kila usiyoikumbuka na uizuie. Kuna njia ya mkato pia: arifa ya namna hiyo ikija, ikandamize kwa kidole kwa muda, simu itakuonyesha imetoka wapi na itakupa nafasi ya kuizima.

Hatua hii pekee inawatibu nusu ya wanaoniambia simu yao ina virusi.

2. Weka Firefox, kivinjari kingine, halafu uipe uBlock Origin, kizuia matangazo. Hii ndiyo hatua kubwa, usiiharakishe. Chrome ya kwenye simu za Android haipokei viendelezi, yaani zile programu ndogo zinazoongezwa ndani ya kivinjari. Firefox inapokea. Nenda Play Store, andika Firefox, hakikisha mtengenezaji ni Mozilla, pakua.

Ukishaifungua, gusa nukta tatu, tafuta Extensions. Utaona orodha ya viendelezi vilivyopendekezwa, na uBlock Origin huwa miongoni mwake. Gusa alama ya kujumlisha iliyo pembeni yake, soma ruhusa inazoomba, kubali. Haikudai ufungue akaunti wala uandike jina.

Angalia jina herufi kwa herufi. Kinachotakiwa ni uBlock Origin, maneno mawili, kilichoanzishwa na Raymond Hill mwaka 2014, mtu ambaye hata michango ya fedha haipokei. Kuna kingine kinachoitwa uBlock tupu, na hicho ni cha watu wengine. Kuna na vingine vingi vyenye majina ya kufanana. Usichukue cha kwanza unachokiona kwa sababu tu rangi yake imefanana.

Sasa fungua ile makala yako ya kupimia ndani ya Firefox. Ilinganishe na ulivyoiona mwanzo. Wengi hapa huniambia walidhani wamefungua ukurasa mwingine.

3. Fanya Firefox iwe ndiyo inayofungua viungo. Watu wanasahau hatua hii, halafu wanarudi kulalamika kwamba haifanyi kazi. Kiungo ukitumiwa WhatsApp hufunguka kwenye kivinjari ambacho simu inakitambua kuwa cha msingi, na mara nyingi hicho ni Chrome. Ingia Settings, Apps, Default apps, kisha Browser app, uchague Firefox.

Facebook ina tabia yake: inafungua viungo ndani yake yenyewe, na huko uBlock Origin haifiki. Ukifungua makala kutoka Facebook, gusa nukta tatu za ukurasa huo na uchague kuifungua kwenye kivinjari cha nje. Ni mguso mmoja zaidi, lakini ukiwa na makala ya nusu saa mbele yako, inafaa.

4. Tumia mwonekano wa kusomea. Kama ungeniambia nikufundishe kitu kimoja tu, ningekufundisha hiki. Ukifungua makala kwenye Firefox, tazama sehemu ya anwani ya tovuti. Kwenye kurasa nyingi za makala kuna kialama cha karatasi yenye mistari. Kiguse. Kila kitu kinaondoka: menyu, vibox vya "soma pia", video zinazojicheza, picha za watu wanaouza dawa za kupunguza tumbo. Kinabaki kichwa cha habari, jina la mwandishi, maneno na picha za makala yenyewe.

Halafu rekebisha. Rudi kwenye nukta tatu, utapata sehemu ya kubadilisha ukubwa wa herufi na rangi ya nyuma. Mwalimu wangu niliyemtaja nilimwekea herufi kubwa na rangi ya udongo hafifu, maana nyeupe kali inamuumiza macho usiku. Wazee wengi wanafikiri macho yao ndiyo yamekwisha, kumbe maandishi yaliwekwa madogo ili matangazo yapate nafasi. Wakae na mwonekano huu siku mbili tatu kabla ya kwenda kununua miwani ya mkononi pale barabarani.

Usikiguse kialama hicho kabla makala haijamaliza kufunguka, utapata nusu ya maneno.

5. Badilisha DNS, ukitaka kinga ya simu nzima. DNS ni kama daftari la simu la intaneti: simu inataja jina la tovuti, DNS inarudisha namba yake. Kuna DNS ambazo majina ya mitambo ya matangazo hazirudishii kitu, basi tangazo linakosa njia. Faida yake ni kwamba inafika hata kwenye programu nyingine, siyo kivinjari tu.

Ingia Settings, na kwenye sehemu ya kutafutia juu kabisa andika DNS, maana kila aina ya simu imeificha mahali pake. Chagua Private DNS, kisha sehemu ya kuandika jina mwenyewe, andika:

dns.adguard-dns.com

Hifadhi. Usiweke https mbele, usiache nafasi mwishoni, usiandike herufi kubwa. Ukikosea herufi moja, intaneti yote ya simu inakatika, na utafikiri mtandao wa kampuni ya simu umeanguka. Ujue pia kwamba mwenye DNS anaona majina ya tovuti unazotembelea, kama ambavyo kampuni yako ya simu ilikuwa inayaona kabla. Ukiona hilo halikupendezi, ruka hatua hii. Ya pili na ya nne zinakutosha kwa kusoma.

6. Hifadhi makala usome bila mtandao. Ukiwa kwenye Firefox, menyu ya nukta tatu au ya kushiriki ina nafasi ya kuhifadhi ukurasa kama PDF. Ifungue makala yote kwanza, shuka mpaka chini ili picha ziingie, kisha hifadhi. Mimi nikiwa na safari ya basi kwenda Dar es Salaam naweka makala tatu nne, na nikipanda Lushoto, ambako mtandao unakuja na kuondoka kwenye kona za mlima, ndiyo kabisa. PDF iliyo ndani ya simu haina cha kupakua, kwa hiyo haina mahali tangazo jipya linapoweza kuingilia. Zaidi ya hayo, makala inabaki yako hata tovuti ikiifuta kesho.

Wenye iPhone

Firefox ya iPhone haipokei uBlock Origin, msihangaike. Tumieni Safari yenyewe. Mwonekano wa kusomea umo ndani ya Safari: gusa alama iliyo pembeni ya anwani, chagua Reader. Kwa kuzuia matangazo, pakueni AdGuard kutoka App Store, halafu mwingie Settings, sehemu ya Safari, muiruhusu kwenye Extensions. Bila kuiruhusu huko, ipo tu kwenye simu na haifanyi kazi yoyote.

Makosa yanayowaponza wengi

Kufukuzana na alama ya X. Kuna X ya kweli na X iliyochorwa. Ya kuchorwa ni sehemu ya picha ya tangazo. Ukiigusa umegusa tangazo. Nyingine ni ya kweli lakini ndogo mno, imewekwa kwenye kona, na inatokea baada ya sekunde kadhaa, hasa pale kidole chako kinapokuwa tayari kinashuka. Usishindane nayo. Gusa kitufe cha kurudi nyuma cha simu, au funga ukurasa wote na ufungue upya kwenye mwonekano wa kusomea.

Kuamini ukurasa unaosema simu yako ina virusi. Ukurasa wa tovuti hauwezi kuchungulia ndani ya simu yako ukahesabu virusi. Huo ni tangazo, na programu wanayokutaka upakue ndiyo yenye madhara. Funga.

Kugusa tangazo la mkopo wa haraka ukiwa katikati ya kusoma. Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu nimeona watu wakidhalilishwa mbele ya ndugu zao. Programu za namna hiyo zinaomba kusoma majina yote uliyohifadhi, na ukichelewa kulipa zinawatumia ujumbe ndugu, mabosi na wakwe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni. Mtu aliyefungua simu asome historia ya mkonge hakustahili kuishia huko kwa sababu maandishi yaliruka.

Kurundika vizuiaji. Mtu anaweka vitatu kwa pamoja ndani ya kivinjari akidhani ataongeza nguvu. Vinagongana, kurasa zinafunguka nusu, simu inakuwa nzito. Kimoja kinatosha.

Na magazeti yatakula nini?

Swali hili ni la haki, na huwa silikwepi. Makala nzuri inamgharimu mtu miezi ya kazi, na tangazo limekuwa likimlipa tangu zamani. Tangazo la kwanza la mstatili kwenye tovuti liliwekwa mwaka 1994 na HotWired, jarida la mtandaoni la Marekani, likakaa juu ya ukurasa na msomaji akaendelea na mambo yake. Sina ugomvi na tangazo la aina hiyo. Nagombana na lile linalonifunika, linaloruka, linalopiga kelele. Ethan Zuckerman, aliyeandika programu ya madirisha ibukizi (pop-up) ya mwanzo akiwa kampuni ya tovuti ya Tripod miaka ya 1990, aliomba radhi hadharani mwaka 2014. Na kampuni kubwa za matangazo zenyewe, kwenye muungano wao wa Coalition for Better Ads, zimekubali kwamba matangazo yakizidi asilimia 30 ya urefu wa makala kwenye simu ni kero, na vivyo hivyo video zinazojicheza kwa sauti.

Kwa hiyo fanya hivi. Tovuti unayoiheshimu, na ambayo matangazo yake yamekaa kwa adabu, iruhusu: ukiwa ndani yake gusa nukta tatu, Extensions, uBlock Origin, kisha kitufe kikubwa cha kuwasha na kuzima. Kinazima kwa tovuti hiyo peke yake. Kama wana usajili wa kulipia na mfuko unaruhusu, lipa. Tovuti inayomrukia msomaji usoni haina dai juu yako.

Ukikwama

*Makala inakataa kufunguka, inasema zima kizuia matangazo.* Jaribu mwonekano wa kusomea kwanza. Ikishindikana, amua kama unaiamini tovuti hiyo; iruhusu au achana nayo.

*Kialama cha karatasi hakionekani.* Ukurasa huo Firefox haijautambua kuwa ni makala. Hutokea sana kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti. Ingia ndani ya makala yenyewe, subiri imalize kufunguka.

*Ukurasa umevunjika, picha hazionekani au kitufe hakibonyezeki.* Zima uBlock Origin kwa tovuti hiyo, fungua upya. Ikikaa sawa, umejua chanzo.

*Intaneti imekatika baada ya hatua ya 5.* Rudi kwenye Private DNS, weka Automatic. Ikirudi, uliandika jina vibaya. Kama inakataa tu ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli au ofisi inayodai uingie kwa ukurasa wao, weka Automatic, ingia, kisha rudisha.

*Matangazo bado yapo YouTube.* Ndiyo. Yanatoka kwenye mitambo ile ile inayotoa video, DNS haiwezi kuyatenganisha.

*Matangazo yanatokea hata sijafungua kivinjari, hata nikipiga simu.* Hapo shida siyo tovuti, ni programu iliyo ndani ya simu. Mara nyingi ni tochi, kisafisha simu au kibodi ya mapambo iliyopakuliwa karibuni. Ingia Settings, tafuta ruhusa ya Display over other apps, uone nani kapewa. Ondoa usiyemjua. Kama haiondoki, kandamiza kitufe cha kuzimia, halafu kwenye kioo kandamiza neno la kuzima mpaka simu ikuulize kama unataka Safe mode. Ikiwaka hivyo, programu ulizopakua zote zinalala, na utaweza kuiondoa ile mbaya kwa utulivu. Ukimaliza, izime na kuiwasha kawaida.

*Nimepokea ujumbe wa kitapeli baada ya kugusa tangazo.* Usijibu, usipige namba iliyomo. Utume kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ya kuripoti utapeli, kisha uufute.

Na ukimpelekea fundi au kijana wa mtaani akusaidie, mpe vitu vinne ili asibahatishe: aina ya simu, toleo la Android, kiungo cha makala inayosumbua, na picha ya kioo uliyopiga tangazo likiwa limejitokeza. Simu yenyewe ishike wewe, naye akuelekeze.